Wimbi Linalopanga Bei ya Samaki Ghana

Kila mwaka, Juni inapokwisha, bahari ya Ghana hupoa. Pwani yake iko digrii 5 tu kaskazini ya ikweta, na kwa miezi mingi maji ya juu huwa na joto la nyuzi 27 hadi 29. Julai ikiingia, joto hilo hushuka chini ya nyuzi 25, na siku nyingine hufika 22. Mvuvi wa Elmina au Tema hahitaji kipimajoto. Akichovya mkono anahisi baridi, akitazama anaona buluu imegeuka kijani, na hapo anajua sadinela wako njiani.

Sadinela ni samaki wa makundi, mwenye magamba ya rangi ya fedha, ndugu wa wale ambao masokoni kwetu huitwa dagaa papa. Wafante humwita eban, Waga humwita kankama. Kuanzia Julai hadi Septemba yeye ndiye anayeendesha maisha ya pwani yenye urefu wa kilomita 550 hivi. Sensa ya mwaka 2016 ilihesabu mitumbwi zaidi ya 11,000 na wavuvi zaidi ya laki moja. Mingi ya mitumbwi hiyo huchongwa kutoka gogo moja la mti wa wawa, ikaongezwa mbao ubavuni na mashine nyuma, ikaenda baharini na nyavu za kuzungushia.

Mtumbwi ukigusa mchanga, samaki huingia mikononi mwa wanawake. Madiko makubwa yana kiongozi wa wachuuzi, konkohemaa, ambaye hukaa na wenye mitumbwi kupatana bei ya siku. Mara nyingi mchuuzi alishatoa pesa kabla mtumbwi haujaondoka: pesa ya mafuta ya mashine, ya nyavu, hata ya chakula cha wavuvi. Kwa hiyo akipokea samaki, anakusanya pia deni lake. Samaki wa safari ndefu hukaushwa kwa moshi, wengi kwenye majiko ya Chorkor, yaliyopewa jina la mtaa wa wavuvi jijini Accra, kisha hupakiwa kwenye malori kwenda Mankessim, Kumasi, Techiman na Tamale. Samaki huwapa Waghana zaidi ya nusu ya protini wanayoipata kutoka kwa wanyama. Mwaka ambao bahari haikupoa vizuri, familia iliyo mamia ya kilomita kutoka pwani huujua kwa kutazama sahani yake.

Basi bahari hupoa kwa nini? Swali hilo liliwasumbua wanasayansi kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya jibu ilipatikana upande wa pili wa Atlantiki.

Upepo usiotosha

Tuanze na baridi ya kweli. Kati ya 1893 na 1896, Mnorwe Fridtjof Nansen aliiacha meli yake, Fram, ing'ang'aniwe na barafu ya Aktiki ili isafiri nayo. Njiani aligundua kwamba barafu haikufuata upepo moja kwa moja. Ilikwenda upande wa kulia wa njia ya upepo. Msweden Vagn Walfrid Ekman alilitafutia jambo hilo hesabu zake na kuzichapisha mwaka 1905. Dunia inazunguka, alionyesha Ekman, na mzunguko huo huyapinda maji yanayosukumwa na upepo. Kaskazini ya ikweta maji ya juu, yakichukuliwa yote kwa pamoja, huelekea kulia kwa upepo. Kusini ya ikweta huelekea kushoto.

Kanuni hiyo ina matokeo makubwa pwani. Puliza juu ya kikombe cha maziwa yaliyopoa: utando unakimbilia upande mmoja na maziwa ya chini yanajitokeza. Baharini utando ni tabaka la maji moto ya juu. Upepo ukivuma sambamba na pwani, na upande wake wa kulia ukiwa wa bahari kuu, tabaka hilo huondoka ufukweni na maji baridi ya kilindini hupanda kujaza nafasi. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mfano wake karibu. Kusi linapofika Somalia na kuvuma kwa nguvu kando ya pwani ile, maji baridi hupanda, na upepo wenyewe unatosha kueleza baridi hiyo.

Pwani ya Ghana inatazama kusini, na upepo wake wa kawaida hutoka kusini-magharibi. Kwa kanuni ya Ekman, upepo huo unapaswa kuyasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu. Hadi hapo hesabu inakubali. Tatizo lilijitokeza wataalamu walipoweka kumbukumbu za upepo kando ya kumbukumbu za joto la bahari. Upepo wa Ghana ni mwepesi, na hauongezeki kati ya Juni na Agosti kwa kiasi cha kueleza baridi kubwa kama ile. Somalia mkosaji anaonekana waziwazi. Ghana kosa lilikuwapo, lakini mtuhumiwa alikuwa dhaifu mno kulitenda peke yake.

Msukumo kutoka ng'ambo

Mwaka 1978 jibu jipya lilitokea kwenye majarida ya sayansi ya bahari. David Adamec na James O'Brien kwa upande mmoja, na Dennis Moore na wenzake kwa upande mwingine, walitoa hoja iliyofanana: usitafute sababu Accra, itafute karibu na Brazil.

Hoja yao ilikuwa hivi. Kando ya ikweta pepo za Atlantiki huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi. Huyasukuma maji moto kuelekea Amerika Kusini, hivyo tabaka la maji moto ni nene upande wa Brazil na jembamba upande wa Afrika. Chini ya tabaka hilo kuna mpaka mkali, mahali ambapo joto hushuka ghafla na maji baridi huanza. Katika Aprili na Mei pepo za magharibi mwa Atlantiki huongeza nguvu. Bahari nzima ya ikweta inalazimika kujipanga upya, na habari za mabadiliko hayo husafiri kuelekea mashariki kwa njia ya wimbi.

Wimbi hili halimwagi povu wala halitikisi mtumbwi. Juu ya bahari linabadilisha kimo cha maji kwa sentimita chache tu. Kazi yake iko ndani: linaunyanyua mpaka wa maji baridi kwa makumi ya mita. Aina hiyo ya mawimbi inaitwa mawimbi ya Kelvin, kwa jina la mwanafizikia wa Uingereza aliyeeleza hesabu zake mwaka 1879. Ikweta huyaongoza, kwa sababu kila yanapotaka kupotea kaskazini au kusini, mzunguko wa dunia huyarudisha. Mwendo wake ni zaidi ya kilomita mia moja kwa siku, hivyo kuvuka Atlantiki huchukua mwezi na zaidi.

Likifika pwani ya Gabon, wimbi halina tena pa kwenda mashariki. Linagawanyika. Sehemu moja huteremka kuelekea Kongo na Angola. Nyingine hugeuka kaskazini, ikishikilia pwani mkono wa kulia, ikapita Kamerun na Nigeria, kisha ikaelekea magharibi kupitia Benin na Togo hadi Ghana na Côte d'Ivoire. Mwaka 1983 Mfaransa Joël Picaut alichunguza kumbukumbu za joto la bahari za eneo hilo na kuonyesha kwamba dalili ya baridi husafiri kando ya pwani kuelekea magharibi, kama nadharia ilivyotabiri.

Ukweli kamili una mikono zaidi ya mmoja. Modeli za kompyuta za miaka ya karibuni zimezirudishia heshima nguvu za hapohapo pwani. Mkondo wa Guinea, unaokwenda mashariki kando ya ufuko, una mchango mkubwa baada ya Rasi ya Palmas, na upepo wa Ghana, pamoja na wepesi wake, una kazi baada ya Rasi ya Three Points. Kwa lugha nyepesi, wimbi la mbali huyaleta maji baridi karibu na juu, na mkondo na upepo wa nyumbani humalizia. Lakini jambo kuu la mwaka 1978 halijabadilika. Neema ya Agosti katika ufuko wa Cape Coast inaweza kuwa imeanza na upepo wa Aprili karibu na Brazil.

Baridi inayolisha

Kwa nini samaki wayafuate maji baridi? Bahari ya tropiki iliyo moto na ya buluu hupendeza machoni, ila mara nyingi ni maskini wa chakula. Mimea midogo sana inayoelea, planktoni ya kimimea, inahitaji mwanga wa jua na mbolea ya naitreti na fosfeti. Mwanga uko juu. Mbolea iko chini, kwa sababu kila kinachokufa huzama na kuoza kilindini. Tabaka la maji moto, kwa kuwa ni jepesi, hukaa juu na kuzuia hivyo viwili visikutane.

Maji baridi yakipanda, kizuizi hicho kinatoboka. Mbolea inafika kwenye jua, mimea inazaana kwa wingi, na rangi ya kijani anayoiona mvuvi ndiyo mimea yenyewe. Wapo pia wageni kutoka kilindini: kopepodi, vidudu vya maji vinavyoonekana kwa shida kwa macho. Aina moja iliyo muhimu katika Ghuba ya Guinea hupitisha miezi ya joto ikiwa imelala mamia ya mita chini ya maji, ikiishi kwa mafuta iliyoyahifadhi mwilini. Msimu wa baridi ukianza hupanda, hula, huzaana. Sadinela huja kuwala, na katika msimu huohuo naye hutaga mayai yake, ili watoto wazaliwe chakula kikiwa tele.

Hapa ndipo wasiwasi wa mabadiliko ya tabianchi unapoingia. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1992, sampuli za planktoni ya kinyama zilikusanywa mara kwa mara mbele ya Tema. George Wiafe wa Chuo Kikuu cha Ghana na wenzake walipozichambua, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walikuta wingi wa vidudu hivyo umepungua katika kipindi hicho huku maji ya juu yakizidi joto. Bahari yenye joto zaidi ina tabaka gumu zaidi kutoboka. Wimbi likija na kukuta tabaka nene, lina kazi kubwa ya kufanya.

Kutoka diko hadi porini

Mnyororo huu hauishii sokoni. Mwaka 2004 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Justin Brashares, akiwa na wenzake kadhaa, miongoni mwao Moses Sam wa idara ya wanyamapori ya Ghana. Walichukua hesabu za wanyama zilizoandikwa kila mwezi na askari wa hifadhi sita, kati yake Mole, Digya na Shai Hills, kuanzia 1970 hadi 1998. Zilihusu aina 41 za mamalia. Kwa jumla, uzito wa wanyama hao ulikuwa umeshuka kwa asilimia 76.

Kushuka huko hakukuwa kwa mwendo mmoja. Kulikuwa na miaka mibaya sana na miaka ya nafuu, na watafiti walijiuliza mpangilio huo unafuata nini. Waliweka hesabu za wanyama kando ya takwimu za samaki. Upatikanaji wa samaki nchini ulikuwa ukitofautiana kwa hadi asilimia 24 kati ya mwaka na mwaka unaofuata. Miaka ya samaki haba ndiyo iliyokuwa na wawindaji wengi hifadhini na wanyama waliopungua kwa kasi. Uhusiano huo ulikuwa wazi zaidi kwenye hifadhi zilizo karibu na pwani.

Mambo mawili yanaweza kwenda pamoja bila moja kulisababisha lingine. Kwa hiyo waliingia masokoni. Kati ya 1999 na 2003 walifuatilia masoko 12 mwezi baada ya mwezi. Samaki walipoadimika na bei kupanda, nyamapori iliuzwa zaidi. Mama aliyekosa samaki wa kumudu alimlisha mtoto wake panyabuku au paa, na mvuvi aliyerudi mikono mitupu alikuwa na sababu ya kushika bunduki. Mtu anayetaka kuwalinda swala wa Mole, basi, anapaswa pia kuuliza habari za sadinela wa Tema.

Utafiti huo uligusa pia kidonda cha siasa. Waandishi walikumbusha kwamba uvuvi wa meli za Ulaya katika maji ya Afrika Magharibi ulikuwa umekua mara 20 kati ya 1950 na 2001. Samaki anayepelekwa ng'ambo kwa shehena huacha pengo, na mwituni ndiko linakotafutwa la kuliziba.

Kilicho mikononi mwetu

Hakuna wizara inayoweza kuuamuru upepo wa Brazil. Lakini kati ya wimbi na sahani kuna hatua nyingi, na katika baadhi yake watu wana uamuzi.

Historia ya sadinela inaonyesha hivyo. Mwaka 1972 walivuliwa kwa wingi usio wa kawaida katika maji ya Ghana na Côte d'Ivoire, na mwaka uliofuata wakaporomoka. Bahari iliyowaleta karibu na pwani kwa wingi iliwaweka pia mbele ya nyavu. Walirudi kwa nguvu katika miaka ya 1980. Kisha likaja poromoko la pili, la taratibu na la muda mrefu. Sadinela waliovuliwa Ghana walishuka kutoka karibu tani 139,000 mwaka 1996 hadi chini ya tani 20,000 mwaka 2016. Mitumbwi imeongezeka, nyavu zimerefuka, matundu yake yamekuwa madogo. Zaidi ya hayo kuna biashara iitwayo saiko. Meli za kukokota nyavu, zenye leseni ya kuvua samaki wa chini, huvua na sadinela wachanga, huwagandisha katika matofali ya barafu na kuwauza baharini kwa mitumbwi inayowaleta ufukweni. Ni kinyume cha sheria. Shirika la Environmental Justice Foundation na shirika la Kighana la Hen Mpoano yalikadiria kwamba mwaka 2017 biashara hiyo ilipitisha takribani tani 100,000. Hivyo mchuuzi hushindana na samaki waliochukuliwa kutoka bahari yake mwenyewe.

Wazo la kuipumzisha bahari si geni pwani hiyo. Sehemu kubwa ya Waga na Wafante hawaendi baharini Jumanne, na mila hiyo ni ya kale kuliko idara yoyote ya uvuvi. Ugumu ni kuipumzisha mwezi mzima. Kwa kuwa sadinela hutaga zaidi maji yakiwa baridi, wanasayansi walishauri Agosti. Lakini Agosti ndiyo mavuno: ndiyo mwezi wa kulipa deni la mafuta, ada za shule na mikopo ya mwaka mzima. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kufunga uvuvi mwezi huo, wavuvi wakapinga, ikaahirisha. Mwaka 2019 mitumbwi ilifungiwa kwa mara ya kwanza, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Juni, kabla samaki hawajaja kutaga. Baadaye kipindi hicho cha kufunga kikahamishiwa Julai, na mwaka 2025 wavuvi wa mitumbwi wakasamehewa kabisa. Waliofuatilia mabishano ya kufungwa kwa Ziwa Tanganyika mwaka 2024 wataitambua hoja hiyo: mwezi unaomfaa samaki zaidi ndio unaomuumiza zaidi anayemtegemea.

Sayansi ya wimbi haiwezi kumaliza mabishano hayo, ila inaweza kupunguza kubahatisha. Tangu mwaka 1992 setilaiti zimekuwa zikipima kimo cha bahari kwa usahihi wa sentimita, na tangu 1997 mradi wa PIRATA wa Brazil, Ufaransa na Marekani umetia nanga maboya yanayopima joto la maji na upepo katika Atlantiki ya tropiki. Wimbi linaloanza magharibi linaweza kuonekana wiki kadhaa kabla halijafika Ghana. Halitabiri idadi ya mabeseni yatakayoshushwa, kwa kuwa uvuvi wa mwaka uliopita na samaki waliobaki hai nao wana neno. Lakini linaweza kusema kama msimu unaelekea kuwa wa maji baridi sana au hafifu, na kama utawahi au kuchelewa.

Kwa anayekopesha mafuta mwezi Juni, taarifa hiyo ina thamani ya pesa. Ataamua akopeshe mitumbwi mingapi, anunue kuni kiasi gani, atengeneze majiko mangapi. Kwa serikali inayopanga tarehe ya kufunga bahari, ingesaidia kuifuata baridi yenyewe badala ya kuifuata kalenda tu. Kwa askari wa hifadhi, onyo la samaki haba ni onyo la wawindaji wengi.

Taarifa hiyo, hata hivyo, haina upande. Nahodha wa meli ya kukokota nyavu mwenye intaneti anaweza kuisoma mapema kuliko konkohemaa, na akaitumia kuwangoja sadinela mahali watakapotokea. Ikimfikia yeye kwanza, tutakuwa tumemwongezea macho yule ambaye tayari ana nguvu kubwa. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya kawaida na ya kisiasa: kuwapelekea wachuuzi na wavuvi wa mitumbwi habari za bahari kwa Kifante, Kiga na Kiewe, redioni na kwenye simu, na kuwapa kiti kwenye meza inayopanga lini bahari ifungwe na meli zipi zikae mbali. Wao ndio wanaolipa gharama bahari isipopoa. Wanastahili kuwa wa kwanza kujua.